Saini yako kwenye karatasi usiyoweza kuisoma

Mikataba mingi inayofika mezani kwangu ni ya mikopo ya boda boda, na karibu yote ni ya Kiingereza cha mahakamani. Anayesaini anaweza kuwa msomaji hodari wa Kiswahili au Kilugbara, lakini ile sentensi ya mistari minane kuhusu kukiuka masharti inampita. Pikipiki ikishachukuliwa, ndipo anauliza alisaini nini.

Uganda haina sheria moja kamili ya kumlinda mlaji kama ile ya Kenya ya 2012. Afrika Kusini ilitunga yake mwaka 2008, ikataka hati ieleweke kwa mteja wa kawaida wa kundi lililokusudiwa, mwenye kisomo cha wastani na asiye na uzoefu mkubwa. Kipimo hicho nakipenda kwa sababu kinamtazama msomaji badala ya mwandishi.

Hata hivyo, hapa Uganda tunayo sheria ya tangu ukoloni ya kuwalinda wasiojua kusoma, na wengi huisahau. Kwa sheria hiyo, asiyejua kusoma ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati husika. Kwa hiyo hata mwalimu wa Kiswahili asiyejua Kiingereza analindwa mbele ya mkataba wa Kiingereza. Anayemwandikia hati lazima aweke jina lake kamili na anwani, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliagizwa na mhusika, akaandika alichoagizwa, kisha akamsomea na kumweleza. Mawakili wa wakopeshaji hujibu kwamba waliandika kwa ajili ya mteja wao, wala si kwa ajili ya mkopaji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, basi usiiegemee sheria hii peke yake.

Kwa taasisi zilizo chini ya Benki Kuu ya Uganda, miongozo ya 2011 inadai uwazi, na asiyeelewa maandishi aelezwe kwa mdomo. Pia kuna kanuni ya kawaida mahakamani: kifungu chenye utata husomwa dhidi ya aliyekiandika.

Lakini lugha nyepesi haisafishi sharti baya. "Ukichelewa siku moja tunachukua pikipiki, na ulicholipa hakirudi." Hapo kila neno linaeleweka, na dhuluma iko pale pale. Kwenye riba angalau kuna mlango: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 26, inamruhusu hakimu kuikataa riba ya kinyonyaji hata kama mliikubali, akaweka anayoona ni ya haki.

Ninachokiogopa zaidi ni mkopo uliovishwa nguo za mauziano. Mtu anakopa, anasainishwa karatasi kwamba ameuza kiwanja. Karatasi ni fupi, safi, inasomeka, na ni uongo. Mahakama inaweza kusikiliza ushahidi wa udanganyifu licha ya maandishi, ila ushahidi huo lazima uwepo: ujumbe wa simu unaotaja marejesho, risiti za mobile money, shahidi aliyesikia neno mkopo likitamkwa.

Ninapoandikia vikundi vya kukopeshana, mstari wa kwanza ni jumla ya shilingi zitakazorudishwa, wa pili ni tarehe, wa tatu ni kitakachopotea malipo yakikwama. Asilimia huja baadaye. Aliyesoma kwa sauti anasaini naye, akitaja lugha aliyotumia, na mkopaji anaondoka na nakala yake siku hiyo hiyo.