Kiajemi si Mtoto wa Kiarabu

Ukishika gazeti la Tehran na kuona herufi zikitoka kulia kwenda kushoto, ni rahisi kusema hiki ni Kiarabu cha Wairani. Wengi husema hivyo. Si kweli, na huniuma kulisikia, maana linafuta historia ndefu ya watu wenye lugha yao, Kiajemi.

Herufi haziamui ukoo wa lugha. Kitajiki cha Tajikistan ni Kiajemi, nacho huandikwa kwa herufi za Kisirili kama Kirusi.

Sikiliza maneno ya nyumbani. Baba ni pedar, mama ni madar, kaka ni baradar. Mwarabu husema ab, umm, akh. Sasa yaweke yale ya Kiajemi kando ya father, mother na brother ya Kiingereza: udugu unaonekana wazi. Kiajemi, pamoja na Kikurdi, Kipashto na Kibaluchi, kimo katika tawi la Kiirani la familia ya Kihindi-Kiulaya. Kiarabu ni cha Kisemiti, ndugu wa Kiebrania na Kiamhari.

Maneno ya Kiarabu yamo tele katika Kiajemi, hasa tangu Uislamu ulipofika Uajemi karne ya 7. Lakini tazama yanavyotumika. Mwarabu husema kitab, wingi kutub. Neno limebadilika ndani kwa ndani. Mwajemi husema ketab, kisha huongeza kiambishi chake mwishoni: ketabha. Nasi tulilipokea neno hilohilo tukasema kitabu, vitabu, kama kiti na viti.