Je, wajua? Tangazo la nyumba ya kupanga Dar es Salaam linasema nini hasa

Tangazo la aina hii huzunguka kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Instagram za madalali wa Dar es Salaam:

"INAPANGISHWA – TABATA. Chumba masta, sebule, jiko na choo cha pablik. LUKU yake, maji DAWASA. Ndani ya fensi, wapangaji wawili tu. Dakika 5 kutoka lami. Kodi 250,000 × 6. Dalali mwezi mmoja. Kupelekwa saiti 20,000."

Aliyekulia mjini analisoma kwa pumzi moja na tayari ameshajua kama nyumba inamfaa. Aliyetoka Songea au Bukoba jana kuja kuanza kazi anabaki na maswali. Choo cha pablik kimeingiaje ndani ya nyumba ya mtu? LUKU "yake" ni ya nani? Hiyo × 6 ni nini, na kwa nini kuna pesa ya kwenda kuangalia tu?

Lugha hii ina asili yake, na asili hiyo ni nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaa Ilala, Magomeni, Temeke na Buguruni. Unaingia mlango wa mbele kutoka barazani, unakuta korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido mlango wa kutokea uani. Uani ndiko kuliko na choo, bafu, jiko, bomba na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kinaweza kuwa na familia yake, lakini uani ni kwa wote. Kuna zamu ya kufagia, foleni ya bafu asubuhi, na mchango wa umeme unaoleta maneno kila mwisho wa mwezi. Kutangaza chumba katika nyumba kama hiyo hakukuhitaji maelezo mengi, kwani kila mtu alijua anachokwenda kukuta.

Mambo yalibadilika pale wenye viwanja walipoanza kujenga kwa ajili ya wapangaji waliotaka kuachana na uani. Hapo tangazo likapata kazi mpya: kueleza ni kipi kati ya vile vitu vya uani umepewa peke yako, na kipi bado utakuta wenzako. Lisome tangazo lolote ukiwa na swali hilo moja kichwani, choo ni cha nani, jiko la nani, mita ya nani, geti la nani, na maneno yake mengi yatajifungua yenyewe.

Tuanze na choo, maana ndicho kinachopanga bei. "Chumba singo" ni chumba kitupu, choo kiko nje na mnatumia wote. "Chumba masta" ni chumba chenye choo na bafu ndani yake. Neno masta halikuahidi kitu kingine chochote. Wengi hulipia masta wakidhani wamepata na pa kupikia, halafu wanajikuta wameweka jiko la gesi pembeni ya kitanda. Kama tangazo halikutaja jiko, chukulia kwamba jiko halipo. "Chumba na sebule" nayo haikusema neno juu ya choo, kwa hiyo uliza, kwa sababu ipo yenye choo ndani na ipo ambayo choo mnakwenda kukutana na jirani.

"Choo cha pablik" kinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kina maana mbili, na tofauti yake ni kubwa. Katika nyumba ya familia, yenye vyumba viwili au vitatu na kimoja masta, ni kile choo kilicho koridoni kwa ajili ya watoto na wageni. Kiko ndani ya nyumba yako na ni chako. Lakini katika nyumba ya vyumba vya kupangisha kimoja kimoja, choo cha pablik ni cha wapangaji wote. Tazama kinachotangazwa ni nini, nyumba nzima au chumba, ndipo utajua umeambiwa kipi.

Neno "inajitegemea" nalo huchezewa. Kwa maana kamili, nyumba inayojitegemea imesimama peke yake na ina uzio wake, geti lake, mita yake na maji yake. Lakini utalikuta limebandikwa kwenye upande mmoja wa nyumba iliyogawanywa kwa ukuta, au kwenye banda la uani, vile vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa ambavyo mwenye nyumba alivijenga kwanza ili akae wakati anamalizia ujenzi, kisha akavipangisha. Banda la uani si jambo baya. Mengi ni mazuri, yana utulivu na bei nafuu. Ila utaishi kwenye uwanja wa mwenye nyumba, na muda wa kufunga geti usiku ataupanga yeye.

Sasa LUKU. Hapa ndipo ninapomsihi kila anayetafuta nyumba atulie, kwa sababu neno moja kwenye tangazo linaweza kumgharimu kila mwezi kwa miaka.

LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, mita ya TANESCO ya malipo ya kabla. Katika bei za umeme zilizoanza kutumika Aprili 2016, wateja wa majumbani waliwekwa kwenye makundi mawili. Kundi la D1 ni la watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 100 kila moja, na ukizidisha hapo kila uniti ya ziada shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti bila kujali umetumia ngapi. Ukiongeza VAT na tozo nyingine, uniti ya D1 ilifika shilingi 122 na ya T1 shilingi 356, tarakimu ambazo wapangaji wengi wa mjini wanazijua kwa kichwa.

Chukua wapangaji watatu, kila mmoja anatumia uniti 40 kwa mwezi: taa, televisheni, feni na pasi ya hapa na pale. Kila mmoja akiwa na mita yake kwenye D1, atalipa shilingi 4,880. Wakichangia mita moja, TANESCO haioni familia tatu. Inaona mteja mmoja aliyetumia uniti 120, kavuka 75, na mteja wa namna hiyo makazi yake ni T1. Zile zile uniti 40 zinamgharimu kila mmoja shilingi 14,240, karibu mara tatu, bila mtu yeyote kuongeza hata balbu. Ndiyo sababu dalali anayeijua kazi yake huandika "LUKU yake" au "umeme unajitegemea" juu kabisa. Ameona wapangaji wakihama kwa ajili ya hilo.

Kati ya LUKU yako na LUKU ya kushea kuna "sabmita". Hiyo ni mita ndogo aliyoifunga mwenye nyumba baada ya mita kuu, ili kila mmoja ajulikane katumia kiasi gani. Inamaliza ugomvi wa nani ana friji na nani hana, na kwa hilo naipenda. Haimalizi tatizo la bei, kwa kuwa umeme bado unanunuliwa kwenye mita kuu moja. Na yule anayekusanya pesa ndiye anayekupangia uniti ni shilingi ngapi. Mwombe akuonyeshe meseji ya manunuzi ya mwisho. Ina idadi ya uniti na pesa iliyolipwa, gawanya mwenyewe uone.

Kuna jambo lingine ambalo tangazo halilisemi kamwe. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. "LUKU yako" basi inakuja na kodi ya mtu mwingine ndani yake. Si pesa ya kukosana, lakini kwa mwaka mzima ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida, na mkiandika mkataba inafaa iandikwe itafidiwaje. Wenye nyumba waungwana huipunguza kwenye kodi ya pango bila maneno.

Kuhusu maji nitakuwa mfupi. "Maji DAWASA" ni ya bomba la mamlaka na yana mgao wake kulingana na mtaa. "Maji ya kisima" katika maeneo mengi ya Dar ni ya chumvi, mazuri kwa kufulia na kudeki, si kwa chai. "Maji masaa 24" mara nyingi maana yake kuna simtanki juu. Swali la kuuliza ni nani analijaza na bili inagawanywaje, kwa kichwa au kwa nyumba.

Mahali nako kunasemwa kwa lugha ya peke yake. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, na Mbezi ya Kimara, kuliko na stendi ya mabasi ya Magufuli, iko Barabara ya Morogoro. Tangazo linalosema "Mbezi" peke yake linakuacha ubahatishe kati ya sehemu mbili zenye bei na foleni tofauti kabisa. Kinyerezi huuzwa kama Tabata, na ukimuuliza mhusika atakwambia ni kule kule, mbele kidogo tu. Na zile "dakika 5 kutoka lami" ni za nani? Za bodaboda, mara nyingi. Dakika tano za bodaboda zinaweza kuwa nusu saa ya miguu, na usiku utazilipia kila siku. Uliza kwa nauli: boda kutoka kituoni ni shilingi ngapi? Nauli haidanganyi kama dakika. Kama unaweza, nenda ukaone nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na hasa kama iko karibu na bonde la Msimbazi au mto wowote mdogo. Tazama ukutani kama kuna mstari wa maji. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta peke yake ina sababu.

Tumefika kwenye pesa. "250,000 × 6" ni kodi ya mwezi mara miezi sita, yote mkononi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. "Dalali mwezi mmoja" ni kodi ya mwezi mmoja wa ziada inayokwenda kwa dalali, na anayeilipa ni mpangaji. Ongeza 20,000 ya kupelekwa saiti. Kwa hiyo nyumba ya laki mbili na nusu inakutaka uwe na shilingi 1,770,000 siku ya kwanza, na bado hujakodi gari la kuhamisha vitu. Nairobi mpangaji huulizwa zaidi kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha anaendelea kulipa mwezi kwa mwezi. Kule maneno ya tangazo ni mengine, bedsitta, yaani chumba chenye choo na kona ya kupikia humo humo, au SQ, ambayo ni binamu wa banda letu la uani, lakini mlango wa kuingilia ni mwepesi zaidi kwa kijana aliyeanza kazi juzi.

Hapa kwetu iliwahi kuwapo sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, na ilifutwa mwaka 2005. Leo muda wa kulipa kabla hupangwa na makubaliano, na mwenye nyumba ndiye mwenye nguvu. Naona hili ni zito mno kwa mtu anayelipwa mshahara kwa mwezi. Hata hivyo, ile 6 si msahafu. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu, au yenye wapangaji waliohama kwa mkupuo, mwenyewe hukubali miezi mitatu akiombwa kwa heshima. Neno "maongezi yapo" mwishoni mwa tangazo linaruhusu maombi ya namna hiyo, si kupunguza bei tu.

Pesa ya saiti ndiyo inayoniuma zaidi. Mwezi wa dalali analipwa kwa nyumba iliyopatikana, na kazi hiyo ni halali yake: amezunguka juani, anawajua wenye nyumba, amekuokolea siku nyingi. Pesa ya saiti analipwa hata akikupeleka kwenye nyumba ambayo anajua haifanani na picha. Kwa hiyo kabla hujaitoa, mwombe vitu viwili kwenye simu: video inayoanzia barabarani hadi mlangoni bila kukatwa, na picha ya mita ikiwa ukutani. Kisha muulize, mita hii inatumiwa na milango mingapi? Vyoo viko vingapi, na kila kimoja kinatumiwa na nani? Jikoni kuna bomba? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Elewaneni pia kama ile 20,000 ni ya nyumba moja au ni ya mzunguko mzima hadi upate, kwa sababu madalali wanatofautiana, na neno hilo likisemwa kabla ya kupanda boda halileti ugomvi baada ya kushuka.