Mwenye kovu la upasuaji anaweza kujifungua kawaida?

Kliniki ya wajawazito ina swali lisiloisha, na mara nyingi analileta mama mkwe kabla mjamzito mwenyewe hajafungua mdomo: "Daktari, huyu mimba ya kwanza alipigwa kisu. Si ndiyo basi, na hii atapigwa kisu tena?" Si lazima. Wanawake wenye kovu moja la upasuaji wanaojaribu kujifungua kawaida, 6 hadi 8 kati ya 10 hufanikiwa. Aliyewahi kujifungua kawaida hata mara moja, kabla au baada ya ule upasuaji, ana nafasi nzuri zaidi.

Kabla ya kumjibu mama yeyote mimi hutaka kujua kwanza alipasuliwa kwa nini. Mtoto aliyekaa mlalo mimba iliyopita, safari hii huenda ametanguliza kichwa vizuri kabisa. Kondo la nyuma lililoziba njia safari ile si lazima lizibe tena. Lakini kama njia ilifunguka yote, ukasukuma saa nyingi na mtoto hakushuka, hapo tutazungumza kwa tahadhari zaidi, maana nyonga ni ileile.

Jambo la pili ni jinsi mfuko wa uzazi wenyewe ulivyokatwa. Akina mama wengi hunyanyua blauzi wanionyeshe mshono. Nawashukuru, lakini mshono wa ngozi haunisaidii. Mtu anaweza kuwa na kovu la kulala chini ya kitovu, kumbe ndani mfuko ulikatwa wima kwenda juu. Mkato wa kulala sehemu ya chini ya mfuko ndio unaoruhusu kujaribu uchungu. Aliyekatwa wima juu hapaswi kujaribu. Apangiwe upasuaji kabla uchungu haujaanza. Habari hiyo inapatikana kwenye karatasi ya ruhusa, lakini kadi ninazoshika kila wiki zimeandikwa "opresheni" na mwaka, basi. Ukipasuliwa, usitoke wodini bila kuuliza sababu na aina ya mkato, na viandikwe kwenye kadi yako. Ni haki yako, na nesi wa zamu hatakasirika. Akikasirika, uliza tena.

Hatari tunayoiogopa ni kovu kuachia wakati wa uchungu. Kwa mkato wa kulala hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200. Ni wachache, ila ikitokea dakika zina thamani: mama anavuja damu ndani na mtoto anakosa hewa. Ndiyo maana jaribio hili hufanyika kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana, damu ya kuongezewa na mtu wa kusikiliza mapigo ya mtoto mara kwa mara. Zahanati haifai, hata kama mkunga wake ni hodari. Nyumbani ndiyo kabisa.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, tafadhali, ziacheni. Zinabana mfuko bila kipimo, na mfuko wenye kovu hauvumilii. Hata sisi hospitali tuna vidonge vya kuanzisha uchungu ambavyo hatumpi mwenye kovu.

Wengine huomba kisu moja kwa moja ili waepuke maumivu. Siwalaumu, uchungu ni uchungu. Ila maumivu ya upasuaji huja baadaye, na jembe na ndoo ya maji huwa vinasubiri nyumbani. Utahitaji kama wiki sita za kutobeba vizito. Kubwa kuliko hilo ni mimba zijazo. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye mshono na kugoma kutoka, hali inayoweza kumlazimu daktari kuondoa kizazi. Anayetaka watoto wanne au watano alifikirie hili tangu upasuaji wa kwanza. Pia apumzike: ikipita chini ya miezi 18 kati ya uzazi mmoja na mwingine, kovu huwa kwenye hatari zaidi ya kuachia. Kitanzi kinaweza kuwekwa palepale kwenye meza ya upasuaji ukikubali mapema.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kuna jingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, ya juu kuliko mikoa mingine yote. Basi wapo wanaoamini kwamba mwenye VVU lazima apasuliwe. Ukimeza ARV vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha vimefubaa, VVU peke yake si sababu ya kisu. Uliza majibu ya kipimo hicho kabla mimba haijafika mwezi wa tisa.

Mwisho ni barabara. Kutoka Matamba kushuka Chimala kuna kona 57, na mvua zetu huanza Novemba zikaendelea hadi Mei. Mwenye kovu asiusubiri uchungu akiwa mlimani. Wiki ya 37 awe ameshasogea karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito, hata kama amepanga kujifungua kawaida. Ukiona damu, ukahisi maumivu kwenye kovu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, usingoje asubuhi. Piga 115, ni bure, uombe usafiri wa dharura, na kadi yako iwe mkononi.