Rahisi si lazima iwe ghali: dhana potofu kuhusu vipodozi vya uso vya bei nafuu

Nauza nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na ninaulizwa habari za uso kuliko za homa au kikohozi. Dada huegemea kioo, huteremsha sauti, huvuta ushungi kando kidogo nione shavu. "Nina mia tatu tu. Nipe kitu cha madoa." Hapo hapo aliye nyuma yake atadakia bila kuulizwa: "Usinunue cha mia tatu. Rahisi ni ghali."

Maneno hayo huniuma kila ninapoyasikia, kwa sababu mara nyingi aliyeambiwa hivyo hutoka hapa akaenda kutumia elfu tatu kwa kitu kibaya zaidi. Laiti ningepata nafasi ningekaa na kila mmoja nikamweleza haya yafuatayo, bila foleni kutusukuma.

"Cha bei rahisi hakina nguvu"

Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi wake: kilicho kingi hutangulia, na ni vile visivyozidi asilimia 1 tu vinavyoweza kuandikwa mwishoni bila mpangilio. Soma krimu ya mia tatu, kisha soma ya elfu nne. Mara nyingi mistari ya mwanzo ni ile ile: maji, gliserini, mafuta ya kulainisha. Fedha iliyozidi imelipia chupa, harufu na matangazo.

Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye tabaka la juu la ngozi, na hilo ndilo jambo ambalo krimu nyingi za kulainisha uso zinatafuta. Usiipake tupu, maana hunata na huweza kuchoma. Tia matone mawili matatu kiganjani penye maji, upake uso ukiwa bado na unyevu. Vaseline nayo, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872, bado ni vigumu kushindwa katika kazi yake moja: kuzuia maji yasipotee ngozini. Yenyewe haizibi vinyweleo kama watu wanavyodhani. Ila ni nzito, na msimu wa kaskazi, jasho likitiririka tangu asubuhi, wengi hawaivumilii uso mzima. Ipake midomoni na palipokauka, usiku.

Nguvu nyingi nayo si ubora. Dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 imeonekana kufanya kazi sawa na ya asilimia 10, nayo haiwashi sana kama hiyo kali. Mteja akiniomba "ile kali kabisa", namrudisha kwenye ile ndogo, hata kama ndiyo inayoniingizia faida ndogo.

"Hii sabuni imenikausha, nitafutie nyingine"

Kabla ya kubadilisha sabuni kwa mara ya nne, hebu tuyaulize maji. Nyumba nyingi za kisiwani na za Kisauni huogea maji ya chumvi ya kisima, na maji matamu, yawe ya bomba au ya mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, huwekwa kwa kunywa na kupikia. Maji ya kisima yana kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya kipande ikikutana nayo haitoi povu vizuri, bali hufanya utando mweupe, ule ule unaoganda kwenye ukingo wa ndoo. Utando huo hubaki na usoni pia, ukiukausha na kuuwasha. Juu ya hayo, sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, na ngozi ya uso hupenda kukaa karibu na 5.

Kwa hiyo oga hayo maji ya chumvi, lakini wekea uso kikombe kimoja cha maji matamu. Nimeona watu wakitupa krimu nzuri kwa kosa la kisima. Ukipata fedha kidogo zaidi, nunua kioevu cha kunawia uso kisicho na sabuni ndani yake. Hicho hakifanyi utando.

"Cha asili hakidhuru"

Nyanyangu alikuwa na jiwe lake la kusagia liwa, na alasiri ile harufu ya liwa na marashi mawaridi ndiyo iliyonifundisha kwamba uso hutunzwa. Siyadharau mambo ya kwetu. Lakini harufu, iwe ya waridi au ya kiwandani, ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi. Ukiona liwa inakuletea vipele, usijilazimishe kwa heshima ya waliotangulia.

Ndimu ndiyo ninayoiogopa. Wifi yangu, wiki moja kabla ya harusi yake, alijipaka ndimu na manjano asubuhi, akanawa kidogo, kisha akavuka kivuko cha Likoni saa sita mchana. Kesho yake uso ulimwaka. Baada ya siku chache zilitokea alama za hudhurungi, zimeteremka kutoka shavuni hadi shingoni vile vile maji ya ndimu yalivyochuruzika. Ndani ya ndimu mna kemikali ziitwazo furokumarini. Zikibaki kwenye ngozi na jua likazipiga, huiunguza. Tena maji ya ndimu yana pH ya 2 hivi, asidi kali mno kwa uso. Zile alama zilikaa miezi, na picha za harusi zinazo.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu, viwiko na nywele. Usoni, hasa kwenye joto letu la unyevu, huwaletea wengi vipele. Kuna fangasi wa aina ya Malassezia wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na chakula chao ni mafuta. Ukiona vipele vidogo vilivyolingana, vinavyowasha, vimejaa paji la uso na kifuani, huenda si chunusi, na krimu ya chunusi haitavifanya kitu. Muulize mfamasia kuhusu shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, kabla ya kumaliza fedha.

"Iliyonitakasa kwa wiki moja ndiyo dawa"

Hapa ndipo ninapopandisha sauti, na naomba radhi.

Kuna mikebe inayouzwa bila jina la mtengenezaji, au ina jina lakini haina orodha ya viungo. Kuna krimu ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo. Kuna mkorogo uliochanganywa na mtu usiyemjua. Rafiki yangu alinunua mkebe wa namna hiyo, na baada ya siku sita chunusi zote zilikauka, uso ukang'aa, kila mtu kazini akamwuliza siri. Alipouacha, baada ya miezi mitatu, uso ulimwaka kama aliyemwagiwa uji wa moto, chunusi zikarudi mara mbili, na mishipa midogo myekundu ikaonekana mashavuni.

Mabadiliko ya haraka namna hiyo mara nyingi yana steroidi ndani: klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za hospitali, kwa ugonjwa maalumu, sehemu maalumu na muda maalumu. Hutuliza uvimbe upesi, ndiyo sababu uso unapendeza. Lakini zikipakwa kila siku huifanya ngozi iwe nyembamba, huleta chunusi zake zenyewe, huotesha nywele usoni, na ngozi huzizoea kiasi kwamba ukiziacha huungua. Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asiache ghafla peke yake. Aende kliniki ya ngozi, aseme ukweli wote, na abebe ule mkebe mkononi.

Kisha kuna zebaki. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, nayo hupenya mwilini, huharibu figo, humfikia mtoto tumboni, na huwafikia wa nyumbani kupitia taulo na mashuka. Chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni vilitakiwa viondolewe sokoni kufikia 2020. Kwenye pakiti huweza kuandikwa kalomeli, au Hg. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kuchubua, nayo hairuhusiwi katika vipodozi vya Kenya, na ikitumiwa miaka huweza kugeuza mashavu yakawa na weusi wa rangi ya samawati usiotoka tena. Anayejichubua ili awe mweupe huishia na weusi ambao hakuzaliwa nao. Nimewaona, na sipendi kuwaona.

Ukaguzi ni bure au senti chache. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na nambari ya kibali chini yake, uandike ujumbe mfupi SM#, ikifuatwa na nambari hiyo, utume kwa 20023. Jibu litataja kampuni na bidhaa. Kama halilingani na ulichoshika, kirudishe kaunta.

"Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua"

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Hukadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi, SPF ikiwa ni kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye krimu ya jua. Inatosha kupunguza hatari ya kuungua, lakini haitoshi kuzuia madoa. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua hutusimamia utosini Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, na mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha juu takriban asilimia 15 ya miale. Unaweza kupaka niasinamaidi, kiungo cha kufifisha madoa, miezi miwili doa lisisogee, kwa sababu kila mchana jua linalichora upya.

Usihangaike na namba kubwa. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale inayounguza, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Nunua 30 unayoimudu na upake ya kutosha: mistari miwili, kila mmoja kwa urefu wa kidole, kwa uso na shingo. Tone moja la kujipaka kwa ubahili haliipi ngozi kinga iliyoandikwa. Kwa madoa, ile yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi, kwa kuwa oksidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Kwa wenye ualbino hili si suala la urembo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa losheni ya jua bure kwa waliosajiliwa, kwa hiyo mpeleke jirani yako akasajiliwe. Na mwamvuli, kofia na leso havimaliziki chupani.

Mengine kwa ufupi

Dawa ya meno haikaushi chunusi, huiunguza. Mvuke haufungui vinyweleo wala maji baridi hayavifungi, kwa kuwa havina misuli. Uso wenye mafuta nao unahitaji kulainishwa, ila kwa kitu chepesi. Kuwashwa si dalili kwamba kitu "kinafanya kazi".

"Nimejaribu vyote, hakuna kilichonifaa"

Nikiuliza alivijaribu vipi, najibiwa kwamba alinunua vitano Jumamosi, akapaka vyote Jumapili, Jumatano uso ukachafuka. Sasa nani kati ya hao watano ni mkosaji? Hata mimi siwezi kumwambia.

Jaribu kimoja. Kipake nyuma ya taya au ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima. Pakiwa shwari, kipeleke usoni, na usiongeze kingine hadi ukijue hiki. Krimu ya kulainisha utaijua kwa siku chache. Niasinamaidi ipe wiki 8. Adapaleni, dawa ya chunusi, ipe 12, na mwanzoni huweza kuzidisha vipele kabla ya kuvipunguza. Mwenye mimba au anayeitafuta asiguse adapaleni wala retinoli, ndugu yake. Kumbuka na msimu: krimu iliyokupendeza kusi inaweza kukulemea kaskazi, na si kwamba imeharibika. Ukitaka kujua kuharibika, tazama kwenye pakiti kile kichoro kidogo cha mkebe uliofunguliwa. 12M maana yake miezi 12 tangu siku ulipoufungua, na hakuna anayeikumbuka siku hiyo, kwa hiyo nina kalamu ya wino usiofutika kando ya mashine ya fedha.

Yule dada wa mia tatu alitoka na kichupa cha gliserini na chenji mkononi. Krimu ya jua atainunua mwisho wa mwezi. Kwa sasa ana leso, kikombe cha maji matamu, na upande wa barabara wenye kivuli. Nilimwandikia tarehe juu ya kifuniko kabla hajaondoka.