Jinsi Cheche za Umeme Zinavyochonga Chuma Kigumu

Tapu, yaani kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu, ikikatikia ndani ya silinda hedi ya injini, fundi amekwama. Drili haiichimbi, kwa sababu chuma cha tapu ni kigumu sawa na cha drili yenyewe, na ukichukua tindo unaweza kupasua hedi nzima. Kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga kwa cheche, maarufu kama EDM, hiyo ni kazi ya kawaida. Kijiti cha shaba chenye unene wa kiini cha tapu kinateremshwa, cheche zinakila kiini hicho, kisha vipande vilivyobaki pembeni vinachomolewa. Thredi za hedi zinabaki salama.

Mashine hii haitumii makali wala haigusi kazi, yaani kipande kinachochongwa. Cheche haijali ugumu wa chuma, inakiyeyusha tu. Ndiyo maana kalibu za kutengenezea ndoo au vifuniko vya plastiki zinaweza kugumishwa kwa moto kwanza, ndipo zichongwe, bila hofu ya kupinda baada ya vipimo kukamilika.

Hebu tuitazame cheche moja. Elektrodi, yaani kijiti kinachotoa cheche, na kazi vimezama kwenye mafuta maalumu, na nafasi kati yake mara nyingi haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Mafuta huzuia umeme kupita mpaka volti zinapoyazidi nguvu. Hapo hufunguka njia nyembamba ya plazima, yaani gesi ya moto mkali inayopitisha umeme, yenye joto la nyuzi 8,000 hadi 12,000 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Chembe ya chuma inayeyuka, kiasi kingine kinakuwa mvuke. Umeme unakatwa. Kiputo cha mvuke kilichokuwa kimeigandamiza chembe ile kinaporomoka, nayo inaruka nje na kuganda ndani ya mafuta kama punje ya duara. Nyuma yake kinabaki kishimo kidogo mno. Hayo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Muda wa umeme kukatika ndio unaodharauliwa zaidi. Mwenye haraka akiupunguza mno, punje hazijasafishwa bado, cheche zinarudia palepale na kazi inaungua. Kabla ya kuongeza ampea, angalia kwanza kama mafuta yanapita vizuri kwenye tundu.

Tabia hii ya cheche kula chuma ilihesabiwa kuwa kero kwa muda mrefu. Mwaka 1943, katika Muungano wa Kisovyeti, Boris na Natalia Lazarenko, mtu na mkewe, walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia pointi za kuwashia injini zisiliwe na cheche. Walipozitumbukiza kwenye mafuta, ziliendelea kuliwa, ila kwa mpangilio zaidi. Wakageuza kero kuwa njia ya kuchonga.

Ndugu ya mashine hii ya kijiti ni mashine ya waya. Yenyewe hukata umbo kwa waya wa shaba, mara nyingi wenye unene wa milimita 0.25, ndani ya maji yaliyoondolewa chumvi. Waya hupita mfululizo na haurudiwi, kwa hiyo kuliwa kwake hakuharibu vipimo. Ipo pia inayotoboa kwa kijibomba kinachozunguka. Ndiyo hutoboa matundu ya kupozea kwenye mapanga ya injini za ndege.

Kasoro zipo. Kazi ni lazima iwe ya kitu kinachopitisha umeme, na kasi ni ndogo: kama kazi yako inakerezeka, ikereze. Tena chuma kilichoyeyuka bila kurushwa huganda juu ya kazi kama gamba gumu lenye nyufa ndogondogo. Kwa kipuri kinachobeba mzigo mzito, gamba hilo liondolewe kwa kusugua au kung'arisha, la sivyo ufa utaanzia hapo.

Kwa wanaotumia mashine za mafuta, kazi ifunikwe na mafuta kwa kina cha kutosha muda wote. Cheche ikitokea karibu na uso wa mafuta inaweza kuwasha mvuke wake, kwa hiyo usiiache mashine bila mtu wala kizima moto.