Usaili wa programu: ufundi au ujasiri?

Dhana: Mwomba kazi ya programu anayekwama kuandika jibu ubaoni mbele ya wasaili hajui kazi.

Ukweli: mara nyingi kinachokwama ni roho, si akili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 swali la programu. Wengine walilitatua ubaoni wakieleza kwa sauti huku wakitazamwa, wengine walikaa peke yao chumbani. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote walioachwa peke yao walifaulu. Kundi ni dogo, lakini msaili yeyote ana la kujiuliza hapo.

Dhana: Basi maswali ya algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) ni upuuzi.

Hapana. Ukilinganisha risiti 20,000 na malipo 20,000 kwa kitanzi ndani ya kitanzi, yaani kila risiti dhidi ya kila malipo, ni milioni 400 za ulinganisho. Ukizipanga kwanza kwa namba ya muamala, hatua za kulinganisha zinabaki kama 40,000, mbali na kazi ya kuzipanga. Asiyeona tofauti hiyo atakusumbua.

Dhana: Aliyemudu algoriti atajenga mfumo imara.

Chukua mfumo wa mauzo ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mteja analipa kwa simu, mtandao unayumba, seva yako inachelewa kujibu, na taarifa ya malipo inatumwa tena. Usipoiambia kanzidata ikatae namba ya muamala iliyokwisha kuingia, gunia moja litahesabiwa limelipiwa mara mbili. Kosa la pili hujificha zaidi: seva inatunza saa za UTC (saa ya kimataifa), sisi Tanzania tuko mbele kwa saa tatu. Malipo ya saa nane usiku (na biashara ya dagaa haijui kulala) yataangukia ripoti ya jana, na hesabu za asubuhi zitaleta ugomvi. Kugeuza mti wa binari, lile zoezi la algoriti la usaili, hakukufundishi lolote kati ya haya.

Dhana: Kazi ya usaili ya kufanyia nyumbani ni haki kwa wote.

Ya siku tatu humpendelea asiye na ajira wala mtoto wa kulea, mwenye bando na umeme wa uhakika.

Tunachopendekeza ni hiki: programu ya mistari kama 150 yenye makosa yale mawili ya mfumo wa dagaa, laptopu aliyoizoea msailiwa, intaneti ruksa. Dakika 60 aachwe peke yake, 30 aeleze alichofanya na kwa nini. Alama 0 hadi 4 kwa kila kipengele: kuliona kosa, kulirekebisha, kuandika jaribio la kuthibitisha, kueleza. Vigezo viandikwe kabla msailiwa wa kwanza hajaingia. Wasaili wawe wawili, kila mmoja ajaze karatasi yake kabla hawajazungumza. Bosi akitangulia kusema "huyu kijana mzuri", karatasi ya pili haina kazi tena.