Je, wajua kwa nini banda la sungura hunuka zaidi wakati wa masika?

Hapa Makorora, jijini Tanga, mvua za masika zikishika, nyumba yenye sungura uani unaijua kabla hujabisha hodi. Sungura ni walewale wa kiangazi, majani wanayokula ni yaleyale. Harufu imetoka wapi?

Mkojo mbichi wa sungura haunuki sana. Ile harufu inayochoma macho ni gesi ya amonia, nayo hutengenezwa baadaye. Mkojo una yurea, na bakteria waliomo kwenye kinyesi na matandiko huivunja yurea hiyo ikawa amonia. Kazi hiyo inataka joto na maji. Joto tunalo mwaka mzima huku pwani. Kiangazi bakteria hukosa maji, kwa sababu matandiko hukauka upesi. Wakati wa masika matandiko hushinda yamelowa.

Halafu mkojo wenyewe ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na umejaa kalsiamu, maana sungura huitoa ziada yake kwa njia hiyo. Tazama ile kona anayopenda kukojolea: utakuta gamba jeupe limeng'ang'ania mbao kama chokaa ya ukutani. Amonia ikiwa kwenye majimaji yenye asidi hutulia humohumo. Kwenye alkali hupaa hewani.

Ndiyo maana majivu ya jikoni hayasaidii kama tunavyodhani. Yanakausha, ni kweli, lakini nayo ni alkali, kwa hiyo ukiyamwaga juu ya mkojo uliolowa unaifukuza amonia itoke kwa kasi zaidi. Chokaa ni vivyo hivyo.

Mimi nategemea maranda ya fundi seremala, yale mapana yaliyokauka, si vumbi la msumeno linaloingia puani. Kila asubuhi naondoa yaliyolowa kwenye kona ile tu na kuweka makavu. Banda zima halihitaji kufagiliwa kila siku. Gamba nalimwagia siki, naliacha lilainike, kisha nalikwangua. Siki ni asidi, hivyo inayeyusha gamba na kuishika amonia iliyobaki. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo kabisa: ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu.

Kosa jingine ni turubai. Mvua ikianza watu hulizungushia banda pande zote nne, na amonia inabaki ndani na mnyama. Ziba upande unaopigwa na kusi, acha upande wa pili wazi, na paa lichomoze vya kutosha.

Haya yote si kwa ajili ya majirani tu. Sungura hulala pua yake ikiwa sentimita chache juu ya matandiko, na anachovuta usiku kucha sisi tunakigusa kwa dakika mbili tukiwa tumesimama. Amonia huchubua njia zake za hewa, na bakteria wa mafua hupata pa kuingilia. Mshike umwangalie miguu ya mbele kwa ndani: manyoya yakiwa yamegandamana, ujue amekuwa akijifuta kamasi. Na banda lisipimwe mchana lilipokwisha kupigwa na upepo. Piga magoti alfajiri, weka uso usawa wa pua yake, uvute pumzi. Macho yakiwasha, anza na ile kona.